Montserrat Caballé: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila klipu ya wimbo "Barcelona", alioimba Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) kutoka Hispania, pamoja na Freddie Mercury wa bendi ya Queen, inapoanza kuzunguka upya kwenye simu za watu, maswali ni yaleyale. Huyu mama ni nani? Mbona sauti yake haichoki? Amekutana wapi na Freddie? Nimeyaweka pamoja hapa na kuyajibu kadiri yalivyonijia. Mengine yana majibu marefu kuliko mengine, maana si kila swali lina uzito sawa.

Ndiye yule aliyeimba na Freddie Mercury?

Ndiye. Lakini wimbo ule ulipotoka Oktoba 1987 Caballé alikuwa na miaka 54, na alikwisha kuishi jukwaani kwa miaka 30 na ushei. Wapenzi wa opera hununa kidogo wanaposikia akiitwa "yule wa Freddie". Mimi sinuni, kwa sababu hata mimi nilimjulia hukohuko. Ila wimbo ule ni baraza tu ya nyumba. Ndani kuna vyumba vingi, na ukiishia barazani utakuwa hujamtembelea mwenye nyumba.

Jina lake linatamkwaje?

Karibu na "Muntserát Kabalyé", mkazo ukiwa mwishoni katika majina yote mawili. Herufi mbili za "l" hazisomwi kama "l" ya Kiswahili. Jina lake kamili lilikuwa María de Montserrat Viviana Concepción Caballé i Folch. Montserrat ni mlima wenye monasteri ya kale, si mbali na Barcelona, na ndiko anakoheshimiwa Bikira Maria wa Montserrat, msimamizi wa Katalonia, jimbo la Hispania ulimo mji huo. Kwa hiyo jina la mlima limekuwa jina la wasichana wengi wa kwao.

Ni Mhispania au Mkatalani?

Vyote viwili. Alizaliwa Barcelona, mtaa wa Gràcia, tarehe 12 Aprili 1933. Nyumbani walizungumza Kikatalani, na pasipoti yake ilikuwa ya Hispania. Aliimba kwa lugha zote mbili, pamoja na Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa.

Soprano ni nini? Na mbona hawashiki maikrofoni?

Soprano ni sauti ya juu kabisa ya mwanamke katika kuimba. Ndani yake kuna aina nyingi: wapo wenye sauti nyepesi inayorukaruka kama ndege, na wapo wenye sauti nzito inayoweza kupambana na tarumbeta. Kwa kawaida mwimbaji huchagua upande mmoja na kubaki huko. Caballé hakubaki. Aliimba kazi za watunzi Mozart, Rossini, Bellini, Donizetti, Verdi, Puccini, Wagner na Richard Strauss. Nafasi alizoziigiza katika maisha yake huhesabiwa kuwa zaidi ya 80.

Maikrofoni haipo kwa sababu opera ilizaliwa Italia mnamo mwaka 1600, karibu karne tatu kabla ya chombo hicho kutengenezwa, na kumbi zake zikajengwa kwa ajili ya koo la binadamu. Mwimbaji anasimama mbele ya okestra yenye wapigaji 60 au 80, nyuma yao kuna watu 2,000 na zaidi, na aliyekaa kiti cha mwisho juu karibu na dari naye kalipa nauli na tiketi. Sauti lazima imfikie. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kilichomtukuza Caballé ni jambo linaloonekana kama halina maana: alijua kuimba *polepole kwa sauti ndogo*. Nitalirudia chini.

Alitoka familia ya kitajiri?

Hapana, na hapa kuna watu hushangaa, maana opera inadhaniwa kuwa starehe ya matajiri. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Hispania mwaka 1936. Barcelona ilipigwa mabomu kutoka angani, na nyumba yao ikaharibiwa. Vita viliisha 1939 lakini njaa haikuisha. Baadaye baba yake aliugua, na binti akaingia kiwandani kutengeneza leso za mkononi ili nyumba isilale na njaa.

Kilichomwokoa ni familia ya Bertrand, matajiri wa Barcelona waliokubali kumlipia masomo ya muziki katika chuo cha Liceu. Sharti lao lilikuwa moja: akifanikiwa, asiisahau jukwaa la Liceu, ukumbi mkuu wa opera wa mji ule. Alihitimu mwaka 1954 akiwa na medali ya dhahabu. Sharti alilishika maisha yake yote.

Katika walimu wake, anayestahili kutajwa kwanza ni Eugenia Kemmeny, Mhungaria. Kwa mama huyu, pumzi ndiyo ilikuwa somo la kwanza: mazoezi ya mwili, ya mbavu na ya tumbo, ndipo kuimba kufuate. Kuna mwanafunzi gani wa kuimba asiyetaka kuruka hatua hiyo? Wote hutaka kufika kwenye nyimbo. Caballé hakuiruka, na alimtaja mwalimu huyo hadi uzeeni.

Alipata umaarufu lini?

Si haraka. Baada ya kuhitimu alikwenda Italia kujaribu bahati na akakataliwa. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba wakala mmoja alimshauri arudi kwao akaolewe. Mdogo wake, Carlos, aliingia baadaye katika kazi ya uwakala, na ndiye aliyemsimamia dada yake kwa miaka mingi.

Mwaka 1956 alipata ajira katika jumba la opera la Basel, Uswisi. Alianza na nafasi ndogondogo, kisha akapewa Mimì wa *La bohème*, yule mshonaji anayekufa kwa kifua kikuu. Kuanzia 1959 akahamia Bremen, Ujerumani. Miaka hiyo sita hivi haina picha za kupendeza, na waandishi wengi huipita mbio, lakini ndiyo iliyompika. Katika majumba ya kiasi kile mwimbaji wa mkataba huimba chochote anachopangiwa: leo Puccini, wiki ijayo Mozart, mwezi ujao Strauss kwa Kijerumani. Anajifunza kusoma noti upesi na kutunza koo. Mwaka 1962 akarudi nyumbani na kuimba Liceu kwa mara ya kwanza, katika *Arabella* ya Richard Strauss.

New York mwaka 1965 kulitokea nini hasa?

Wahenga walisema kufa kufaana, ingawa hapa hakufa mtu. Marilyn Horne, mwimbaji maarufu wa Kimarekani, alikuwa aimbe *Lucrezia Borgia* ya Donizetti pale Carnegie Hall tarehe 20 Aprili 1965. Horne alikuwa mjamzito na hali yake haikuruhusu. Waandaaji wakatafuta wa kuziba pengo, wakampata Mhispania ambaye New York haikumjua. Caballé alikuwa hajawahi kuimba nafasi ile. Alikuwa na wiki chache tu za kujifunza.

Fikiria hali ya ukumbi. Watu wamekata tiketi kumsikia mtu mwingine. Opera yenyewe ilikuwa karibu kusahaulika wakati ule. Anatoka mwanamke mnene, hana mavazi ya maigizo wala mapambo ya jukwaa, kwa kuwa lilikuwa onyesho la kuimba tu bila kuigiza. Anaanza wimbo wa kwanza, "Com'è bello", Lucrezia akimtazama mwanawe aliyelala usingizi. Ni wimbo wa kunong'ona, haumsaidii mgeni anayetaka kushtua watu. Ulipoisha ukumbi ukalipuka, onyesho likasimama. Mwishoni, inasimuliwa, makofi yalidumu dakika 25. Kesho yake jina la Caballé lilikuwa magazetini pamoja na majina ya Callas na Tebaldi, malkia wawili wa wakati ule; kichwa kimoja cha habari kilifanya hesabu kabisa, kikajumlisha hao wawili na kuandika kwamba jibu ni Caballé.

Mwaka uleule aliimba katika tamasha la opera la Glyndebourne, Uingereza, na tarehe 22 Desemba akapanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, kama Marguerite katika *Faust*. Alikuwa na miaka 32. Kutoka siku ile hakuhitaji tena kuziba pengo la mtu.

Siri ya sauti yake ilikuwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Watu hudhani ukubwa wa mwimbaji wa opera hupimwa kwa kelele: nani anapasua glasi, nani anafunika okestra. Caballé aliweza hilo pia. Msikilize katika *Salome* aliyorekodi na kiongozi wa okestra Erich Leinsdorf. Lakini wengi waliweza. Alichoweza yeye, na wachache mno wengine, ni *pianisimo*: noti ya juu sana, iimbwe kwa sauti ndogo kabisa, ielee, isitetemeke, na bado imfikie yule wa kiti cha mwisho.

Chukua mfano wa bomba la maji. Kulifungua lote ni rahisi. Kulifunga ni rahisi. Jaribu kuliacha litoe uzi mmoja mwembamba wa maji, usiokatika na usiodondoka matone, kwa nusu dakika. Utalirudiarudia. Waitaliano wanaiita sauti ya namna hiyo uzi wa sauti, *fil di voce*. Kadiri noti inavyopanda ndivyo koo linavyotaka kusukumwa, na kuizuia hewa itoke kidogo na sawasawa ni kazi ya misuli ya mbavu na tumbo. Hapo ndipo Bi Kemmeny anaporudi. Noti ile nyororo inayoonekana kama zawadi ya mbinguni ilijengwa kwa miaka ya mazoezi ya pumzi.

Alikuwa na ufundi mwingine: kuianza noti ikiwa uzi, kuipanua taratibu mpaka ikajaa ukumbi, kisha kuirudisha kuwa uzi, vyote kwa pumzi moja. Mahali pa kulisikia hilo ni mwisho wa "Signore, ascolta", wimbo wa mtumwa Liù katika *Turandot*. Kwenye rekodi aliyoongoza Zubin Mehta mwaka 1972, wakiwamo Joan Sutherland na Luciano Pavarotti, Caballé ndiye Liù. Sutherland ana nafasi kubwa, Pavarotti ana ule wimbo ambao kila mtu anaujua, "Nessun dorma". Halafu anakuja mtumwa, anaimba dakika mbili na kitu, na unabaki ukimfikiria yeye.

"La Superba" ni nani?

Ni lakabu yake. Wapenzi wa opera waliwapa masoprano watatu majina ya Kiitaliano: Maria Callas akawa La Divina, wa kimungu, Joan Sutherland La Stupenda, wa kustaajabisha, Caballé La Superba, yaani mwenye fahari. Watu hubishana hadi leo nani zaidi. Callas alikuwa mwigizaji ambaye wimbo ulimtoka kama jeraha. Sutherland alikuwa na wepesi wa kuzichezea noti. Caballé alikuwa na uzuri mtupu wa sauti. Ukinilazimisha nichague, nitategemea ni saa ngapi ya usiku.

Nimeona video anaimba kwenye upepo mkali. Ni wapi pale?

Ni Orange, kusini mwa Ufaransa, tarehe 20 Julai 1974. Pale pana uwanja wa maigizo uliojengwa na Warumi karne ya kwanza, ukuta wake mkubwa wa mawe ungali umesimama, na wakati ule juu hapakuwa na paa. Usiku ule ulivuma mistrali, upepo baridi wa eneo lile unaosifika kwa ukorofi. Opera ilikuwa *Norma* ya Bellini, Caballé akiwa Norma, kuhani wa kike wa Gaul, Ufaransa ya kale, aliyezaa kwa siri na adui yake Mrumi.

Upepo ni adui wa mwimbaji. Unakausha koo, unabeba sauti kuipeleka usikotaka, unapeperusha karatasi za wapiga vyombo. Kwenye filamu unaona vazi lake likipepea kama tanga, shela likimpiga, naye kasimama tuli anaimba "Casta diva", sala kwa mwezi, kwa pumzi ndefu zisizo na mkatiko. Pole kwa fundi wa maikrofoni za kurekodi, lakini upepo ule uliigeuza sala kuwa kitu cha kweli, kama mwezi wenyewe ungesikia. Caballé mwenyewe aliuhesabu usiku ule kuwa kilele chake. Kama utatazama video moja tu katika hizi zote, iwe hii.

Ni kweli ndiye aliyemwinua José Carreras?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1970 Carreras alikuwa kijana wa Barcelona mwenye miaka 23, akiimba nafasi ndogo ya Flavio katika *Norma* pale Liceu. Norma alikuwa Caballé. Alimsikia, akamwita aimbe naye *Lucrezia Borgia*, na mwaka uliofuata wakawa pamoja London katika *Maria Stuarda*. Carlos, mdogo wake Caballé, akawa wakala wa Carreras pia. Wakati watu walipokuja kumjua Carreras kama mmoja wa wale tenori watatu wa mwaka 1990 (waimbaji wa kiume wa sauti ya juu: yeye, Pavarotti na Domingo), alikuwa na miaka 20 ya kuimba bega kwa bega na Caballé.

Freddie alimjuaje? Na kweli Freddie ni wa Zanzibar?

Kwa kuzaliwa, ndiyo. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi iliyotoka Gujarat. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Waingereza. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Mji Mkongwe leo una jumba dogo la makumbusho kwa jina lake, kule Shangani.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Freddie alikwenda jumba la opera la Covent Garden, London, kumsikiliza Pavarotti katika *Un ballo in maschera* ya Verdi. Pavarotti akaimba, vizuri. Kisha akatoka Caballé. Msaidizi wa Freddie aliyekuwa amekaa naye amesimulia mara nyingi jinsi Freddie alivyosahau kabisa amekuja kumtazama nani. Tangu hapo akawa anamsifu kila mahali, hata kwenye televisheni ya Hispania, mpaka habari zikamfikia mwenyewe.

Walikutana Machi 1987 katika hoteli ya Ritz, Barcelona. Freddie, mtu aliyekwisha kuwashika mkononi watu zaidi ya 70,000 wa Wembley, alikuwa na wasiwasi kama mwanafunzi siku ya mtihani. Alikuja na kanda ya wimbo usio na maneno, alioutunga akijaribu kuiga sauti yake. Caballé akaupenda, na siku chache baadaye akauimba London mbele ya watu. Kisha akaomba wimbo kuhusu mji wake. Ombi hilo ndilo "Barcelona", ulioandikwa na Freddie pamoja na mpiga piano Mike Moran.

Albamu yenye jina hilohilo ilitoka Oktoba 1988. Ratiba ya Caballé ilikuwa imejaa, kwa hiyo kazi ilifanyika kwa vipande: Freddie aliimba kwanza sehemu ya Caballé kwa sauti ya kubana, kanda ikatumwa, mama akajifunza, akaja studio kuimba sehemu yake. Wakosoaji wa opera walibeza. Wa roki nao walikuna vichwa. Mimi nadhani albamu ina nyimbo mbili tatu zilizojaa mapambo kupita kiasi, lakini katika "How Can I Go On" kuna jambo la kweli: mmoja anaimba kwa koo la jukwaa la maikrofoni, mwingine kwa koo la ukumbi, na kila mmoja anampisha mwenzake kwa heshima.

Waliimba pamoja kwenye Olimpiki?

Hapana. Walichofanya ni kupanda jukwaa Barcelona tarehe 8 Oktoba 1988, mbele ya mfalme na malkia wa Hispania, katika sherehe ya kuipokea bendera ya Olimpiki iliyotoka Seoul. Usiku ule walifuatisha midomo sauti ya kanda. Lilikuwa jukwaa kubwa la mwisho la Freddie. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, miezi minane kabla ya michezo kufunguliwa. Katika ufunguzi wa Julai 1992 Caballé aliimba opera pamoja na Plácido Domingo, Carreras, Teresa Berganza, Giacomo Aragall na Joan Pons. Wimbo "Barcelona" uliuzwa upya wakati huo ukafika nafasi ya pili Uingereza.

Kuna mara nyingine ambayo wapenzi wa mpira wa huku waliiona bila kujua wanamtazama nani. Tarehe 26 Mei 1999, Camp Nou, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Manchester United na Bayern. Kabla ya mechi akatoka mama mmoja akaimba "Barcelona", na sauti ya Freddie ikamjibu kutoka kwenye rekodi. Ndiye. Dakika 90 na nyongeza zilizofuata mnazikumbuka wenyewe.

Je, alikuwa na kasoro?

Nyingi, na wanaompenda kweli huzitaja kabla ya wanaomchukia. Alivunja ahadi za maonyesho mara nyingi kwa sababu ya afya, hadi ikawa utani. Alikuwa mgonjwa kwelikweli, ikiwamo uvimbe kichwani uliogunduliwa katikati ya miaka ya 1980. Matamshi yake yalififia. Akifuata uzuri wa sauti, konsonanti zilimezwa. Uigizaji wake ulikuwa wa kusimama na kunyoosha mkono. Tena alicheka ovyo. Kicheko kikimshika jukwaani, hakuna wa kukizuia, na watazamaji walicheka naye.

Kasoro nyingine si ya sanaa. Alishitakiwa kwa kukwepa kodi ya mwaka 2010, akidai makazi yake ni Andorra ilhali aliishi Barcelona. Fedha zilizohusika zilizidi euro 500,000. Desemba 2015 alikubali kosa, akapewa kifungo cha miezi sita ambacho hakukitumikia gerezani, pamoja na faini ya zaidi ya euro 250,000.

Aliolewa?

Aliolewa 1964 kule Montserrat, na tenori Bernabé Martí, waliyewahi kuwa wapenzi wa jukwaani katika *Madama Butterfly*. Walipata mtoto wa kiume na wa kike. Binti, Montserrat Martí, ni soprano pia, na mama na mwana waliimba pamoja mara nyingi. Bernabé aliacha jukwaa mapema kuliko mkewe na alifariki mwaka 2022.

Ukumbi wa Liceu ni ule ulioungua?

Ndio. Ulifunguliwa 1847 kwenye barabara ya La Rambla, na tarehe 31 Januari 1994 cheche za mafundi waliokuwa wakirekebisha pazia la chuma ziliushika ukateketea. Walijenga upya palepale. Ulifunguliwa tena Oktoba 1999 kwa *Turandot*, opera iliyokuwa ifuate kwenye ratiba moto ulipotokea. Caballé alirudi kuigiza hapo mwaka 2002, akiwa karibu na miaka 70, kama Malkia Catherine katika *Henry VIII* ya Saint-Saëns. Sharti la akina Bertrand bado lilikuwa linafanya kazi.

Alifariki lini?

Tarehe 6 Oktoba 2018, katika hospitali ya Sant Pau, Barcelona, akiwa na miaka 85. Miaka sita kabla alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa Urusi, akapona na kuendelea na matamasha machache. Mazishini walikuwepo Malkia Sofía, Waziri Mkuu Pedro Sánchez, na Carreras.

Nianze kusikiliza wapi?

Usianze na opera nzima ya saa tatu. Utalala, na lawama utanipa mimi. Fuata njia hii.

Kwanza "Signore, ascolta" niliyoitaja. Vaa vipokea sauti, zima feni, subiri noti ya mwisho. Kisha "Casta diva" ya Orange, pamoja na upepo wake. Ukitaka kusikia mwimbaji akijaza nyumba, chukua *Aida* aliyorekodi 1974 chini ya Riccardo Muti, Domingo akiwa Radamès. Wimbo wa kando ya mto Naili utakuonyesha pande zote mbili za sauti yake kwa dakika chache. *La bohème* ya Georg Solti, pia na Domingo, ni nzuri kwa siku ya mvua. Na ile *Lucrezia Borgia* iliyompa jina New York aliirekodi studio mwaka 1966, Alfredo Kraus akiwa upande wa pili.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye "Barcelona". Kuna mahali Freddie ananyamaza na Caballé anapanda peke yake bila maneno. Mara ya kwanza ulidhani ni pambo la wimbo. Sasa utamsikia anavuta pumzi.